Ua Lisilotaka Udongo

Ukipita nyumba kwa nyumba hapa Msata utaona jambo moja. Ua likianza kulegea majani, mwenye nyumba anakimbilia kata ya maji. Atamwagia asubuhi, atamwagia jioni, na lisipoinuka atamwagia tena kwa hasira, kama vile ua linamletea kiburi. Kwa mchicha dawa hiyo ni kweli. Kwa okidi ni sawa na kumnywesha maji mtu aliyezama.

Najua, ndugu msomaji, unajiuliza: kijana wa kidato cha nne, tena anayejiita mwandishi wa riwaya, habari za okidi kazitoa wapi? Washikaji zangu wa pale njia panda waliniuliza hivyo hivyo. Kwao ua ni kitu cha harusi na msiba, na siku hizi yote ya plastiki. Ningeandika habari za jambazi lililojificha msituni wangenisoma mpaka kurasa zichanike. Lakini mimi naishi na mama anayeuza miche kando ya barabara, na mjomba anayechoma mkaa, na kati ya hao wawili yametokea mambo ambayo sijayakuta kwenye riwaya yoyote. Msitu wa kwenye riwaya zetu hauna mimea, una majambazi tu.

Msata, kwa wasiopajua, ni pale barabara itokayo Chalinze kwenda Segera inapokutana na ile ya lami itokayo Bagamoyo, kilometa 64. Magari ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita hapa. Watu wanashuka kujinyoosha, wananunua mahindi ya kuchoma, wananunua mkaa, na wachache wenye magari yao wananunua miche ya mama: miembe ya kisasa, michungwa, michongoma, asumini na mawaridi. Yote imo kwenye viriba na makopo ya rangi, imepangwa chini ya kivuli cha makuti.

Okidi iliingia kitaluni mwetu kupitia kwa mjomba mwanzoni mwa mwaka 2023. Mjomba akiangusha mti porini, mara nyingi kwenye panda la matawi kuna kichaka cha ajabu kimekaa, mashina yake manene kama miwa midogo, majani membamba magumu. Zamani alikuwa anakitupa pembeni kikauke na jua, au kinaingia kwenye tanuri pamoja na matawi. Siku hiyo kichaka kilikuwa na maua. Akakata, akakifunga kwenye baiskeli juu ya magunia, akamletea dada yake kama zawadi. Maua yenyewe ya manjano yenye madoa ya kahawia, mashada kwa mashada, yananukia jioni nzima. Wazungu wanaiita okidi ya chui kwa sababu ya hayo madoa. Jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana, ambalo lilitolewa mwaka 1844 na mtaalamu wa Uingereza, John Lindley, kumkumbuka mtunza bustani aliyeitwa John Ansell, aliyeiokota kwenye kisiwa cha Fernando Po huko Afrika Magharibi. Ansell alipita kisiwani mara moja, akapewa ua zima. Wanaolala chini ya miti hiyo tangu enzi za mababu hawakupewa hata tawi. Haya, tuyaache.

Watu wa kwetu wengi wanadhani mmea huu ni mnyonyaji, kwamba unakula mti uliokaliwa. Siyo kweli. Okidi imepanga tu, hainyonyi chochote kwa mwenye nyumba. Ukikiangalia kichaka chake vizuri utaona kimezungukwa na vijizizi vyeupe vilivyosimama wima, vikali kama sindano. Kazi yake ni kunasa majani makavu yanayodondoka kutoka juu. Majani yale yanaoza taratibu mle ndani, na hicho ndicho chakula chake. Yaani mmea umejisukia kikapu cha kuokotea makombo! Mimi nilipoelewa hilo nilikaa chini.

Mama aliwapenda wageni wake. Akawapokea kama anavyopokea kila mmea: kopo la rangi, udongo mweusi wa bondeni, samadi ya ng'ombe iliyoiva, maji. Kipindi cha kiangazi mambo yalikwenda. Maji yenyewe ya kununua, mama anamwagia kwa mkono wa birika, na okidi zikavumilia. Mjomba akaleta nyingine, na nyingine. Mama akauza kopo moja kwa shilingi 5,000, na wenye magari wakachukua bila kubishana bei, jambo ambalo kwa mche wa mwembe halijawahi kutokea.

Halafu zikaja mvua za El Niño, vuli ya mwaka 2023. Kila aliyekuwepo Pwani anazikumbuka. Vuli haikukatika vizuri, ikakutana na masika ya 2024, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikatukuta tumeshalowa mpaka mifupa. Mle kwenye makopo udongo uligeuka uji. Okidi zikaanza kuwa za njano kutoka majani ya chini. Miwa ikasinyaa, ikawa na mikunjo kama shingo ya mzee. Na hapo ndipo kasheshe lilipoanza, kwa sababu mmea ulikuwa unaonyesha dalili zote za kiu wakati umesimama kwenye maji. Siku mbili tatu mvua ikipumzika, mama anaona majani yamelegea, anachukua birika.

Dada mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amechukua makopo manne kwa ajili ya ofisi yao. Alirudi nayo yote manne kwenye buti la gari. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliyashusha moja moja, akayapanga mbele ya mama, akasema, "Mama, umeniuzia wagonjwa." Shilingi 20,000 zilirudi. Zile pesa zilikuwa za mchango wa kikundi cha kina mama siku ya Jumamosi, na kwa wanaovijua vikundi vya kukopeshana, kukosa mchango ni kutangazwa. Mama alikwenda kikundini mikono mitupu. Alivyorudi hakula.

Basi nikakumbuka kuna babu mmoja, anakaa njia ya kuelekea Lugoba, ambaye ujanani alifanya kazi ya bustani kule Amani, milima ya Usambara. Amani si mahali padogo kwa mambo ya mimea. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na bustani yake ipo hadi leo. Nilimpelekea kopo moja kwa bodaboda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea maiti?"

Akalishika kopo, akalinusa kwanza. Nami nikanusa. Harufu ilikuwa ile ya maji ya mihogo iliyovundikwa siku nyingi. Akaligonga kopo pembeni kwa kiganja, akaligeuza, mmea ukatoka mzima na udongo wake. Wala hakuuvuta. Aliuweka kwenye beseni la maji, akaanza kuosha mizizi kwa vidole kama mtu anayeosha mguu wa mtoto mwenye kidonda.

"Huyu hana kiu," akasema. "Huyu kakabwa."

Sasa hapa, msomaji, niruhusu nieleze polepole, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua mzizi mzima wa okidi, ule uliokuwa umening'inia mtini. Ukiwa mkavu ni mweupe wa kama fedha. Uloweshe, na muda si mrefu unageuka kijani. Ule weupe ni koti lililoundwa na chembechembe zilizokwisha kufa, zimebaki matundu matupu kama sponji. Mvua ikinyesha, sponji inafyonza. Mvua ikikatika, maji yanakwenda ndani ya mmea, matundu yanajaa hewa. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, pengine mara mbili kwa siku moja, ndiyo maisha ya mzizi ule. Hajazoea kufunikwa. Kule juu upepo unampiga usiku na mchana.

Mweke sasa kwenye udongo wa bondeni. Punje za udongo zimeshikana, nafasi zilizobaki kati yake ni ndogo, na mvua ya wiki moja inazijaza zote. Mzizi unahitaji oksijeni kama wewe na mimi. Ukiikosa, unakufa kwa kukosa pumzi. Ni baada ya hapo ndipo wanaokula maiti wanaingia. Kuna vimelea wa jamii za Pythium na Phytophthora ambao mbegu zao zina mikia, zinaogelea kwenye maji mpaka ziukute mzizi. Kuna kuvu ya Fusarium, ambayo hupanda kupitia mishipa ya maji ya mmea na kuiziba. Ndiyo maana ukinunua dawa ya ukungu, ukaimwaga kwenye udongo ule ule, umepoteza hela. Umemfukuza fisi, lakini mwenye kukaba yuko pale pale.

Na mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiuweka mtoni. Majani yanalegea kwa kiu ya kweli kabisa, na mwenye ua anaongeza maji. Uuaji wa namna hiyo, unaofanywa na mtu anayekupenda kwa kutumia kitu unachokihitaji, nimejaribu kuutia kwenye riwaya yangu, sura ya tatu. Bado haujakaa sawa.

Ukidhani ni mambo ya maua ya matajiri tu, fikiria vanila. Ile harufu ya aiskrimu na keki inatoka kwenye ganda la okidi, okidi ya asili ya Mexico, inayotambaa juu ya miti. Wakulima wanailima Kagera, Zanzibar, Uganda, Komoro na Madagaska. Duniani kote wakulima wa vanila ugonjwa wanaouogopa kuliko mwingine ni huu huu wa kuoza mizizi, na mkosaji mkubwa ni Fusarium. Shamba likituamisha maji, mizizi ya juu juu inakufa, mmea unanyauka ukiwa na maganda yake. Vanila yenyewe nje ya kwao huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Hebu fikiria mtu amechavusha maua mia kwa kijiti, halafu mzizi unaoza. Sisi shilingi 20,000 tulilia.

Nirudi kwa babu. Baada ya kuosha aliniambia nibonyeze mzizi mmoja mmoja kwa vidole viwili. Rangi inadanganya, alisema, maana mzizi uliokaa kwenye udongo utakuwa wa kahawia hata kama ni mzima. Kipimo ni ugumu. Mzizi hai unakataa kubonyea. Uliooza unabonyea kama ndizi iliyopitiliza, na ukiuvuta, lile koti linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Kwenye kopo lile nilihesabu mizizi mitano migumu. Iliyobaki yote, soksi tupu.

Tukakata. Wembe ulipitishwa kwenye moto wa kibiriti, na kila tulipomaliza mmea mmoja tukaupitisha tena, kwa sababu wembe mchafu unabeba ugonjwa kama sindano. Hapo babu hakuwa na huruma hata kidogo. Mimi nilikuwa najaribu kubakiza vipande, yeye anakata mpaka afike penye nyama nyeupe. Kisha akakata shina la chini lile linalounganisha miwa, akanionyesha. Likiwa jeupe au la kijani, heri. Ukiona duara la zambarau ndani, hiyo ni Fusarium, na unaendelea kukata nyuma mpaka duara liishe. Lisipoisha, choma moto mmea wote. Usiutupe jalalani, maana mvua itakurudishia.

Nyumbani tulikuwa na makopo kumi na moja. Mawili yalikuwa na duara hilo toka mwanzo hadi mwisho wa shina. Mama mwenyewe ndiye aliyeyatia motoni.

Vidonda tulivipaka mdalasini wa unga. Usicheke, ni dawa inayotumiwa na wafugaji wa okidi sehemu nyingi, unakausha kidonda na kuzuia ukungu. Masharti yake ni kupaka kwenye mkato peke yake. Ukimwagia mizizi mizima unaikausha nayo. Mama alilalamika kwamba mdalasini wa pilau ya Idi umekwenda kwa wagonjwa, lakini alishika kijiko mwenyewe. Duka la pembejeo tulinunua pia dawa ya unga yenye mankozebu, ile inayopuliziwa nyanya, tukaichanganya kwa kipimo cha kwenye pakiti. Hiyo inalinda kilichobaki kizima. Kilichooza haikifufui, na atakayekuambia inafufua anataka kukuuzia pakiti ya pili. Baada ya hapo mimea ikalazwa kivulini siku mbili, mitupu, bila udongo na bila tone la maji. Wateja waliopita walidhani tunauza kuni.

Swali likabaki: tuipande kwenye nini? Mtini kwake ilikuwa imeshika gome. Inatakiwa kitu kigumu, chenye mapengo, kinachopokea maji kidogo na kuyaachia mengi yapite, kisichooza haraka. Nikamuuliza babu, kule Amani walikuwa wanatumia nini?

"Gome, makumbi ya nazi, vipande vya matofali," akasema. "Na mkaa."

Nilimtazama kama sikusikia. Akarudia: mkaa. Hauozi, una matundu mengi ndani, hewa inapita. Siyo vumbi lake, wala siyo majivu, bali vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Nyuma ya nyumba yetu, pale mjomba anapojazia magunia, kuna kilima cha chenga. Chenga ni mkaa uliovunjikavunjika usioweza kupangwa kwenye gunia, mteja akiuona mwingi anagoma. Kilima kile kimekuwepo tangu nina akili, nimekichezea nikiwa mtoto. Kuku wanaogea hapo. Na ni wa miti ile ile. Pengine mle ndani kuna chenga za mti ambao okidi hii hii ilikuwa imekaa juu yake kabla panga halijapita. Nilizichekecha kwa wavu wa kuku, nikaziosha mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Makumbi ya nazi nilipata Kiwangwa kwa jamaa aendaye kununua mananasi, nikayaloweka siku tatu nikibadilisha maji, kwa sababu makumbi ya pwani yana chumvi. Makopo nikayatoboa kwa msumari wa moto, chini na ubavuni pande zote, mpaka mama akasema hayo siyo makopo tena, ni chujio. Mkaa sehemu mbili, makumbi sehemu moja. Hushindilii. Mmea unaufunga kwenye kijiti usitikisike, kwani ncha ya mzizi mpya ni laini, ikisuguana na mkaa inakatika.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo nilipogombana na mama kuliko wakati wowote. Kazi yake maisha yake yote ni kumwagilia. Kuamka asubuhi, kupita mbele ya mimea tisa iliyonywea, bila kuigusa, kwake ilikuwa ni dhambi. Nilimruhusu anyunyizie majani kwa chupa, asubuhi tu, yakauke kabla ya jua kali. Samadi hapana. Kuna siku nilimkuta saa kumi na moja alfajiri anaelekea kwenye makopo na birika amelificha kwenye kanga. Miwa ya okidi ina akiba ya maji na chakula ndani, ndiyo maana ni minene, na akiba hiyo inaweza kuulisha mmea miezi. Mama hakuamini habari za akiba. Aliamini siku alipoona, chini ya mwa mmoja, kichomozo cha kijani kama ukucha wa mtoto, na pembeni yake kizizi cheupe chenye ncha ya kijani kinauelekea mkaa. Ilikuwa wiki ya saba. Aliita majirani.

Miwili mingine ilikufa. Saba ikapona.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kupeleka kwenye mashindano. Lakini habari zilienea, kwamba pale Msata kuna mama anauza okidi zisizokufa, zimepandwa kwenye mkaa. Watu wakaanza kusimamisha magari kuziulizia. Bei ikapanda yenyewe mpaka 15,000. Na mjomba, ambaye gunia zima la mkaa linamtoa jasho la wiki, si mjinga wa hesabu.

Siku moja jioni akafika na viroba vitatu vimejaa okidi. Nilivimwaga chini ya makuti nikaanza kupanga. Nikaona kwenye mizizi kuna maganda ya mti mabichi, yamechanjwa kwa panga. Okidi ya mti ulioanguka huja imechubuka, ina vumbi, miwa imevunjika. Hizi zilikuwa safi.

"Mjomba, hizi umezitoa kwenye miti iliyosimama."

"Ndiyo, mjomba wangu. Sasa?" Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo. "Mti si nimeuacha? Si wewe kila siku unalia miti isikatwe? Leo nimepanda, nimeshuka, mti uko pale pale unapepea. Badala ya kunisifu unanikagua kama bwana misitu."

Mwambieni nani anayeweza kumjibu mtu huyo haraka. Mkaa wake ndio ulionivalisha sare miaka minne ya sekondari, ukaninunulia madaftari, na hata kalamu ninayoandikia sasa sijui ingetoka wapi. Na hoja yake siyo ya kijinga. Mti uliosimama ni mti uliosimama.

Nilimjibu kwa mbegu. Ganda moja la okidi lina mbegu kwa maelfu na maelfu, laini kama vumbi la unga, lakini mbegu yenyewe haina chakula ndani. Punje ya hindi imefungiwa riziki yake, ya okidi imetumwa mikono mitupu. Haioti mpaka ikutane na kuvu fulani inayoingia ndani yake na kuilisha. Mfaransa aitwaye Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo, mwaka 1899. Na cha kushangaza, kuvu nyingi za kulisha ni za ukoo wa Rhizoctonia, ukoo ule ule wenye ndugu wanaoozesha mizizi! Kwa hiyo mbegu maelfu zinapeperuka, moja inabahatika kuangukia penye gome na kuvu yake, na hiyo moja itachukua miaka kufikia kutoa ua. Ukibandua kichaka mtini, mti umebaki, ndiyo, lakini umebaki mtupu, na huenda mwanangu na mwanao wasikione kingine pale. Nikamweleza habari za Kitulo, kule Makete, jinsi okidi za ardhini zilivyochimbwa kwa magunia, viazi vyake vikavushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, hata uwanda ule ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nikamweleza kwamba okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES wa mwaka 1973, kuvusha mpaka bila kibali ni kesi.

"Mimi sivushi mpaka," akasema. "Mimi navusha barabara."

Mama alicheka, nami nikacheka, na hapo nikajua nimeshindwa kwa maneno.

Aliyeamua ni mama. Alisema haziuzi zile za viroba. Atauza zile saba tu, kwa kuzigawa. Kichaka kikishapona na kujaa, unakikata vipande, kila kipande kisipungue miwa mitatu, na hicho ni mmea mpya usioibwa popote. Mjomba akauliza itachukua muda gani. Mama akamwambia mwaka, miaka miwili. Mjomba akasimama, akapangusa suruali.

"Dada, miaka miwili mimi nile mdalasini?"

Sikuwa na jibu, na leo bado sina. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko. Ni jambo jema kwa msitu. Lakini mjomba ana miaka hamsini na mbili na watoto wanne, na hakuna gari linalosimama Msata kuuliza bei ya mtu aliyeacha kuchoma mkaa.

Zile za viroba tulizifunga kwa kamba za katani kwenye mkwaju ulio nyuma ya nyumba na kwenye mwembe wa jirani, mimi na mjomba, yeye akiwa juu na mimi nikimrushia kamba. Alizifunga vizuri kuliko nilivyotegemea. Alizigeuzia upande zilikokuwa zimeelekea kule porini, jambo ambalo mimi nisingelijua, kwa kuwa sikuwahi kuziona zikiwa kwao. Nane zimeshika. Mbili zimeanza kusimamisha vile visindano vyeupe, na mkwaju umeshaanza kuzidondoshea majani.

Mjomba bado anachoma. Ameacha kupanda miti iliyosimama, au angalau viroba vya namna ile havijafika tena hapa. Okidi za miti anayoiangusha anatuletea bila kuambiwa, zimefungwa juu ya magunia kama mwanzo, na tunaziuguza. Chenga siku hizi anazichekecha mwenyewe kabisa, zinakuja zimekwisha pimwa. Ananiuzia shilingi 2,000 kwa kiroba. Nimembembeleza ashushe mpaka 1,500, amekataa.